Kishikizo cha darubini kinachopanda na kushuka: jinsi ya kupiga krosibo hadi mita 100 bila kupoteza sifuri ya karibu

Swali: Nina krosibo, yaani upinde wa msalaba, inayotupa mshale wa gramu 26 kwa kasi ya mita 110 kwa sekunde. Darubini yangu ina mistari ya umbali, na wa mwisho ni wa mita 60. Nimefunga chini ya darubini kishikizo, yaani kibebeo chake, kinachoinuka kwa gurudumu ili nipige shabaha za mita 80 na 100. Mita 100 naipata, lakini nikirudisha gurudumu kwenye alama ya mita 40 mishale inapita juu kwa sentimita mbili hadi nne. Siku nyingine ya mita 100 yote inakwenda kushoto. Kosa ni la kishikizo, la darubini au langu?

Jibu: Hayo ni matatizo mawili tofauti. Mishale kupita juu unaporudi karibu ni dalili kwamba sehemu ya nyuma ya kishikizo haijashuka yote. Kwenda kushoto ukiwa mbali, tena siku moja na siku nyingine isiwe hivyo, mara nyingi ni krosibo kulala upande mkononi, na mara chache ni bawaba inayocheza. Yote mawili yanatibika. Ila kwanza uione hesabu, maana ndiyo inayoonyesha jinsi hitilafu ndogo inavyokua.

Tuchukue kasi yako ya mita 110 kwa sekunde, na katikati ya darubini iwe sentimita 6 juu ya mshale. Ukiacha kabisa ukinzani wa hewa, mshale huanguka sentimita 16 ukifika mita 20, sentimita 65 ukifika mita 40, mita 1.46 kwenye 60, mita 2.59 kwenye 80 na mita 4.05 kwenye 100. Hewa huupunguzia mshale kasi njia nzima, hivyo kuanguka halisi ni zaidi ya hapo, na tofauti huonekana hasa baada ya mita 60. Sasa geuza kuanguka huko kuwe pembe. Miliradiani 1 ni sentimita 10 kwenye mita 100 na sentimita 4 kwenye mita 40. Sifuri ni umbali ambao mshale hutua pale pale unapolenga. Kutoka sifuri ya mita 20 hadi ya mita 100 unahitaji miliradiani 30 kwa uchache, na hewa ikiingia hesabuni ni 34 au zaidi. Darubini nyingi zina miliradiani 15 hadi 20 tu za kupanda na kushuka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na ukiwa umeweka sifuri katikati, iliyobaki ni nusu yake. Ndiyo maana kifundo cha darubini, kile unachozungusha kurekebisha lengo, peke yake hakikufikishi, ukahitaji kishikizo.

Kishikizo kinafanya nini hasa

Vingi vina kitako kinachobana reli iliyo juu ya krosibo, sahani ya juu inayobeba pete za darubini, na bawaba mbele inayoviunganisha. Nyuma kuna skrubu, au gurudumu lenye mgongo usio duara, linaloinua sahani. Ukiinua nyuma, darubini inatazama chini. Unapourudisha msalaba wa kulengea, ule ulio ndani ya darubini, kwenye shabaha, mbele ya krosibo inapanda na mshale unarushwa juu zaidi.

Urefu kati ya bawaba na skrubu ndio unaoamua ukali wa kifaa. Tuseme ni milimita 120. Pima chako kwa kalipa uweke namba yako. Kuinua nyuma milimita 1 ni kubadili pembe kwa miliradiani 8.3, yaani sentimita 83 kwenye mita 100. Skrubu ya kawaida ya M6 hupanda milimita 1 kwa mzunguko mmoja. Gurudumu lake likiwa na kliki 20 kwa mzunguko, kila kliki ni milimita 0.05, unene wa unywele, na kwenye shabaha ya mita 100 ni sentimita 4. Linganisha na kifundo cha darubini, ambacho kliki yake ya miliradiani 0.1 ni sentimita 1 tu kwenye umbali huo huo. Kwa hiyo gawanya kazi: kishikizo kibebe umbali, vifundo vya darubini vibebe masahihisho madogo na upepo. Ukianza kutumia vyote viwili kwa umbali, na juu yake mistari ya chini ya darubini, baada ya juma moja hutajua tena sifuri yako iko wapi. Tangu sasa lenga kwa msalaba wa katikati pekee. Kama darubini yako ina pete ya kasi inayobadilisha ukuzaji, iweke ukuzaji unaoupenda na uiache hapo. Haina kazi tena ya kupanga mistari.

Ukirudi kwenye swali lako: sentimita 2 hadi 4 juu kwenye mita 40 ni miliradiani 0.5 hadi 1. Kwa kishikizo cha milimita 120 ni kati ya milimita 0.06 na 0.12 za nyuma ambazo hazikushuka. Meno ya skrubu yaliyolegea yanaweza kuleta hiyo yenyewe, bila kitu chochote kuvunjika. Unaposhusha gurudumu, skrubu inashuka lakini sahani inabaki imening'inia kidogo kwenye msuguano wa bawaba, na gurudumu linaonyesha 40 huku darubini ikiwa kwenye 42 au 43.

Dawa haina gharama. Kila unapobadili umbali, maliza kwa kupandisha. Ukitoka 100 kwenda 40, shusha gurudumu lipite alama ya 40 kwa nusu mzunguko, gonga sahani ya juu kidogo kwa kidole ili ikae, kisha panda polepole mpaka kwenye alama. Hapo skrubu inasukuma upande ule ule wa meno kila mara, na ule mchezo wa meno unakuwa hauna athari. Alama zote za utepe, yaani ukanda wa alama za umbali kwenye gurudumu, nazo ziwe zimepigwa kwa kupandisha, vinginevyo tabia hii haitakusaidia. Ukipita alama wakati wa kupanda, usirudi kidogo. Shuka tena nusu mzunguko uanze upya. Gurudumu la mgongo usio duara linafuata kanuni hiyo hiyo. Kama mzunguko wake wote ni mfupi, teremka hadi mwisho wake ndipo upande.

Vishikizo bora vina springi kali inayovuta sahani chini muda wote. Ukiwa unatafuta kingine, angalia hiyo kabla ya kuangalia uzuri wa gurudumu. Kisha angalia bawaba: pini nene, iliyopita upana wote wa kishikizo, isiyocheza hata chembe ukiitikisa kwa upande. Gurudumu la plastiki si tatizo. Bawaba ya plastiki ni tatizo. Skrubu yenye meno laini, kama M6 ya hatua ya milimita 0.5, ni bora kuliko ile ya kawaida, maana mzunguko mmoja unapanda nusu. Na kama unapiga umbali mmoja tu, achana na mambo yote haya: kabari isiyorekebishika chini ya darubini ni nyepesi, haina kinachocheza, na haitakusahaulisha kitu.

Kufunga upya, kwa mpangilio

Fungua kila kitu uanze tena. Ugwe usiwe umevutwa, na mshale usiwepo. Safisha reli, sehemu ya chini ya kitako na ndani ya pete kwa spiriti. Mafuta kidogo hapo ndiyo chanzo cha darubini nyingi kuteleza. Meno ya skrubu za kubana yasiwe na mafuta pia, kwani mafuta hubadilisha nguvu ya kukaza.

Reli ya Picatinny, aina ya kawaida ya reli ya kufungia darubini, ina mifereji ya upana wa milimita 5.23 inayojirudia kila milimita 10.01, na kitako cha kishikizo kina jino linaloingia mle. Jino lina nafasi kidogo ya kusogea mbele na nyuma, kwa hiyo lisukume upande mmoja kabla ya kukaza na ukumbuke ni upande upi. Wapiga bunduki husukuma mbele. Krosibo ina shtuko la pande mbili: kwanza inasukumwa nyuma mshale ukiongezwa kasi, halafu inavutwa mbele kwa ghafla mabawa na ugwe vinaposimama. Upande wowote utakaouchagua, muhimu usibadilike ukivua na kuvaa tena.

Pete za darubini hukazwa kwa nguvu ya kama niutoni-mita 1.7 hadi 2, isipokuwa mtengenezaji ameandika tofauti. Kitako kwenye reli huhitaji zaidi, na hapo fuata maandishi ya kifaa, kwa sababu kitako cha alumini huliwa meno kirahisi. Kaza skrubu kwa kupishana, kidogo kidogo, nafasi za pande mbili za pete zibaki sawa. Kwenye skrubu za kitako weka tone la gundi ya skrubu ile ya buluu, inayofunguka kwa spana ya mkono. Usiweke gundi yoyote karibu na skrubu ya kupandishia wala kwenye pini ya bawaba. Mwisho chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika siku moja, umejua kilicholegea bila kukisia.

Kusawazisha ndiko wengi wanakokosea, na ndiko kunakokutia kushoto. Funga krosibo kwenye jiliwa lenye kitambaa. Weka pima maji ndogo juu ya njia ya mshale, kukingama, uisawazishe krosibo yenyewe kwanza. Kisha ning'iniza timazi mbele, mita 15 au 20, uzi mweupe mbele ya kitu cheusi. Zungusha darubini ndani ya pete mpaka mstari wake wa wima ulale juu ya uzi. Sasa kaza pete. Angalia tena baada ya kukaza, kwa sababu pete hupenda kuigeuza darubini kidogo dakika ya mwisho.

Bado hujamaliza. Panda kishikizo kutoka chini kabisa hadi juu kabisa huku ukiutazama uzi. Msalaba unatakiwa ushuke na uzi bila kuuacha. Ukiuacha taratibu kuelekea upande mmoja, bawaba haiko sambamba na krosibo, au kitako kimekaa kombo kwenye reli. Kivue, kisafishe, kifunge tena. Kikiendelea vile vile, kiwanda kilikosea kutoboa, na hakuna marekebisho ya kifundo yatakayoponya hilo kwa umbali wote.

Kipimo cha kurudi, bila kurusha hata mshale mmoja

Krosibo ikiwa bado kwenye jiliwa, bandika karatasi ya miraba ya milimita 5 umbali wa mita 20. Weka gurudumu kwenye alama ya chini, andika msalaba uko mraba gani. Panda hadi alama ya mita 100, kisha rudi chini kwa utaratibu wa kupita alama na kupanda. Fanya hivyo mara kumi. Mraba mmoja hapo ni miliradiani 0.25, yaani sentimita 2.5 kwenye mita 100. Kishikizo kizuri kitarudi ndani ya mraba ule ule mara zote kumi. Kisha rudia mara kumi ukimaliza kwa kushusha. Tofauti kati ya mafungu hayo mawili ndiyo ukubwa wa mchezo wa skrubu yako, na sasa una namba yake.

Ongeza jaribio jingine: gurudumu likiwa juu, sukuma mwisho wa nyuma wa darubini kwa kidole, kushoto na kulia, halafu uachie. Msalaba ukirudi palepale, ni sawa. Ukibaki umesogea upande, bawaba inacheza. Vishikizo vingine vina skrubu ndogo ya kubana pini ya bawaba. Ikaze robo mzunguko kwa mara, ukiangalia sahani isigande. Ikiganda, springi itashindwa kuishusha, na utakuwa umeponya kushoto ukaleta juu.

Kutengeneza utepe

Rudisha vifundo vya darubini katikati ya mwendo wao. Weka kishikizo chini kabisa, kisha kipandishe mzunguko mmoja au kiasi kama hicho, ili ubaki na nafasi ya kushuka. Hapo weka sifuri ya mita 20 kwa vifundo vya darubini peke yake. Kila mshale uwe na doa lake la kulengea, maana kwa umbali huo mshale wa pili ukifuata wa kwanza utaupasua. Ukimaliza, vifundo hivyo usiviguse tena kwa ajili ya umbali, na weka alama ya 20 kwenye utepe.

Nenda mita 40, 60, 80, 100 kwa mpangilio huo, usiruke. Kwa kishikizo cha milimita 120 na kasi yako, hesabu isiyo na hewa inatoa kuinuka huku kuanzia alama ya 20:

mita 40: milimita 0.79
mita 60: milimita 1.70
mita 80: milimita 2.65
mita 100: milimita 3.60

Zichukue kama mahali pa kuanzia tu, mshale wa kwanza usipotee. Zako zitakuwa juu ya hizo, na kwenye mita 100 utegemee milimita 4 na ushei. Pima kwa kalipa pengo kati ya sahani na kitako, karibu na skrubu, kila unapopata alama, na uandike daftarini. Utepe unaweza kubanduka. Namba za kalipa zitabaki.

Mishale mitatu inatosha mita 20 na 40. Kuanzia 60 piga sita, mafungu mawili ya mitatu, upumzike katikati, kisha utafute kitovu cha kundi lote. Usisahihishe baada ya mshale mmoja. Kundi lako likiwa la sentimita 20 kwenye mita 100, hiyo ni miliradiani 2, sawa na milimita 0.24 za kishikizo. Kubishana na kliki moja wakati kundi ni pana hivyo ni kupoteza nyuzi za ugwe. Na ikiwa mita 60 bado unapata kundi la zaidi ya sentimita 15, kaa hapo. Alama ya 100 utakayoipiga haitakuwa na maana.

Ukimaliza, tazama mapengo kati ya alama kwenye daftari. Kwa kishikizo cha skrubu, kila pengo la mita 20 linatakiwa liwe kubwa kuliko lililotangulia, kwa sababu mshale unapungua kasi. Pengo likipungua, kwa mfano 60 hadi 80 ni milimita 1.15 halafu 80 hadi 100 ni 1.0, alama mojawapo ni ya uongo: upepo wa mbele au nyuma, ugwe uliovutwa vibaya, au umbali uliokisiwa. Rudia hiyo, usiipake rangi. Alama za kati, kama 50, 70 na 90, ziweke katikati kabisa ya jirani zake. Kosa linalobaki ni kama sentimita moja, dogo kuliko kliki ya gurudumu.

Tepe zilizochapishwa tayari, zile za kuchagua kwa kasi ya mshale, zina nafasi yake. Unaweka sifuri ya 20, unapiga 60, unachagua utepe ambao alama zake mbili zinalingana na zako. Lakini tepe mbili zinazokubaliana kwenye 20 na 60 zinaweza kuachana kwenye 100, kwa sababu manyoya makubwa hula kasi kuliko madogo. Piga 80 na 100 uhakikishe, ndipo uubandike.

Kushoto kwako

Mshale unaanguka zaidi ya mita 4 kwenye mita 100. Krosibo ikilala digrii 1 tu, sehemu ya kuinuka huko inageuka kuwa ya upande: sentimita 7 kwa hesabu isiyo na hewa, na kwa uhalisi ni zaidi. Kwenye mita 20 kosa hilo hilo ni la milimita 3, halionekani. Ukilaza krosibo kushoto, mshale unakwenda kushoto na chini kidogo. Digrii moja hakuna jicho linaloiona bila msaada, hasa ukiwa kwenye mteremko au ukitazama mti ulioinama nyuma ya shabaha.

Funga pima maji ndogo ya pete kwenye bomba la darubini, uisawazishe siku ile ile ya timazi. Ikae mahali unapoweza kuiona kwa jicho la pili bila kuondoa shavu. Utaratibu ni kusawazisha kiputo, kutuliza msalaba, kutazama kiputo mara ya mwisho, ndipo triga. Kushoto kukiendelea kiputo kikiwa katikati, angalia mvuto wa ugwe. Ukivuta kwa mikono mitupu, ugwe hupata kukaa milimita chache upande mmoja, na mshale unatoka kombo. Kamba ya kuvutia yenye mishikio miwili hutatua hilo. Tia alama za rangi kwenye ugwe pande zote mbili za njia ya mshale uone kama umekaa katikati. Kosa la ugwe huonekana mita 20 pia, kosa la kulala halionekani. Hiyo ndiyo njia ya kuyatofautisha.

Mambo ambayo kishikizo husingiziwa

Umbali. Kwenye mita 100 mshale unashuka kwa mwinuko mkali, na kosa la mita 1 la kupima umbali ni sentimita 4 hadi 6 juu au chini. Tumia kipima umbali cha leza, au kamba ya kupimia kwenye uwanja wako. Shabaha ikiwa juu au chini ya mteremko, tumia umbali wa mlalo.

Uzito wa mishale. Mshale mzito kwa asilimia 1, gramu 0.26 kwako, unatua chini kwa kama sentimita 4 kwenye mita 100. Ipime kwa mizani ya vito, itenge kwa tofauti isiyozidi gramu 0.1, na uipe namba. Ule unaotoka nje ya kundi mara kwa mara ubaki wa mita 30.

Shavu. Nyuma ya darubini ikipanda milimita 4, jicho nalo linatakiwa kupanda. Ukibaki pale pale unatazama kupitia ukingo wa kioo. Darubini yenye kioo cha mbele cha milimita 32 iliyowekwa wazi kwa mita 50 inaweza kukudanganya hadi milimita 16 kwenye mita 100 kwa sababu hiyo. Mto wa shavu unaoinuka ni bora. Kipande cha povu chini ya mkanda kinatosha.

Giza chini ya picha. Kwenye mita 100 darubini inatazama chini kwa miliradiani zaidi ya 40 kuliko njia ya mshale. Sentimita 60 mbele yake mstari wa macho umeshuka milimita 25 au zaidi, na mabawa au kikuku cha mguu huanza kuingia kwenye picha. Msalaba bado ni sahihi, picha tu inafifia. Ikizidi, inua darubini kwa pete ndefu zaidi, kisha upige utepe upya, kwa sababu kimo cha darubini kimebadilika.

Upepo hauna alama kwenye kishikizo hiki. Tumia kifundo cha upande na ukirudishe sifuri kabla ya kuondoka, au lenga pembeni.

Usalama, kwa sababu umbali huu unabadilisha njia ya mshale. Ukiwa na sifuri ya mita 100, katikati ya safari mshale uko zaidi ya mita 1 juu ya mstari wa macho, hivyo tawi au boriti ambayo huioni ndani ya darubini inaweza kuwa njiani. Ukisahau gurudumu kwenye 100 ukapiga shabaha ya mita 20, mshale utapita zaidi ya sentimita 60 juu ya doa, pengine juu ya kizuizi chote, na ukikikosa utaruka mamia ya mita. Kizuizi cha nyuma kiwe kirefu kuliko shabaha kwa angalau mita 1, nyuma yake kuwe kilima au ukuta. Kidole gumba kikae chini ya njia ya ugwe kila wakati, na usifyatue bila mshale. Kila ukimaliza mzunguko wa mishale, gurudumu lirudi 20 kabla hujakwenda kuichomoa.

Anza na kipimo cha karatasi ya miraba, kwani hakihitaji hata uwanja. Kikionyesha mchezo wa chini ya mraba mmoja ukimaliza kwa kupandisha, kishikizo chako ni kizima na shida ilikuwa namna ya kukirudisha. Kikionyesha miraba miwili au zaidi hata hivyo, jaribu kwanza kaza ya bawaba na springi. Zisiposaidia, kifunge kwenye alama ya umbali mmoja unaoupiga zaidi na ukitumie kama kabari mpaka upate kingine.